Kigeu Hiki ni cha Nani? Mwongozo kwa Waandishi wa Programu za Wavuti

Tarehe 8 Machi 2021, GitHub iliwatoa watumiaji wake wote kwenye akaunti zao. Kila aliyekuwa ameingia alilazimika kuingia upya. Hapakuwa na mdukuzi. Siku chache kabla ya hapo walikuwa wamepokea taarifa ya mtu aliyejikuta ndani ya akaunti isiyo yake, na mafundi walipoifuatilia wakaukuta mzizi wake kwenye jambo dogo sana. Seva yao ya programu, Unicorn, ilikuwa na objekti moja tu ya kubebea taarifa za ombi. Ombi jipya likiingia, objekti ileile inafutwa na kujazwa upya. Mpango huo ulikuwa salama mradi ombi linashughulikiwa na uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha ukaongezwa uzi wa pembeni wa kuharakisha kazi, nao ukawa unaendelea kuigusa objekti hiyo wakati ombi la mtu mwingine limeshaingia. Mara chache sana, kuki ya sesheni ya mtu mmoja ikatumwa kwenye kivinjari cha mwingine. Kwa makadirio yao, jambo hilo lilizigusa chini ya asilimia 0.001 ya sesheni. Hata hivyo waliwatoa wote.

Walifanya sawasawa. Asilimia ile ndogo ni watu, na ndani ya akaunti zao mna kazi zao na siri zao. Ndiyo maana nakuomba suala la kigeu kinawekwa wapi, na nani mwingine anaweza kukifikia, usilichukulie kama suala la mtindo wa kuandika.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika upande wa seva: huduma ya taarifa za wateja, mfumo wa malipo, tovuti ya shule, chochote kinachotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mifano mingi nitaitoa kwenye Java na Spring, kwa sababu huko mambo haya yanaonekana wazi, lakini nitapita pia kwenye PHP, Python, JavaScript na ColdFusion. Ninalotaka ulishike ni hili: kabla ya kutangaza kigeu chochote, jiulize ni cha nani. Ni cha mwito huu mmoja wa funksheni? Ni cha ombi hili? Ni cha mtumiaji huyu? Au ni cha programu nzima? Kisha kiweke kwenye mawanda finyu kuliko yote yanayotosha kazi yake. Kufuli na mbinu nyingine za kulinda nyuzi zinakuja baada ya hapo, na ukishaweka vigeu mahali pake utakuta mara nyingi huzihitaji.

Nakala moja, nyuzi mia mbili

Ukiandika klasi na kuiwekea alama ya `@Service` au `@Controller` katika Spring, kiunzi kinatengeneza nakala moja tu ya klasi hiyo kwa programu nzima. Hiyo ndiyo kawaida yake usipoagiza vingine. Servleti za Java, ambazo Spring MVC imejengwa juu yake, zina desturi hiyohiyo tangu zamani: nakala moja, na kila ombi linaloingia linaipitia nakala hiyo kwa uzi wake. Tomcat, usipobadilisha mpangilio, huruhusu nyuzi hadi 200. Kwa hiyo inawezekana kabisa watu 200 wakawa ndani ya methodi ileile, kwenye objekti ileile, kwa wakati mmoja.

Waliotunga kanuni za servleti waliwahi kujaribu kuwapunguzia waandishi mzigo huu. Waliweka kiolesura kinachoitwa `SingleThreadModel`, kilichoahidi kwamba nakala moja haitashughulikia maombi mawili kwa pamoja. Hakikusaidia, maana sesheni na vigeu vya `static` viliendelea kuwa vya pamoja vilevile, na waandishi wakajiona salama wakati hawako salama. Toleo la 2.4 la mwaka 2003 likashauri kisitumike tena. Ukikikuta kwenye mfumo wa zamani unaourithi, kichukue kama ishara kwamba msimbo ulio ndani yake unahitaji kukaguliwa mstari kwa mstari.

Sasa tazama klasi hii. Inatoa taarifa ya miamala ya mteja, na inaonekana haina tatizo lolote:

```java
@Service
public class HudumaYaTaarifa {
    private final Hifadhi hifadhi;
    private Mteja mteja;

    public Taarifa andaa(String namba) {
        mteja = hifadhi.tafuta(namba);
        List<Muamala> miamala = hifadhi.miamalaYa(mteja);
        return new Taarifa(mteja.jina(), miamala);
    }
}
```

Asha anafungua ukurasa wake. Uzi wake unatekeleza mstari wa kwanza wa methodi, na kigeu `mteja` sasa kinamwelekea Asha. Mstari wa pili unakwenda kwenye hifadhidata, na safari hiyo ni ndefu kwa vipimo vya kompyuta: milisekunde kadhaa, pengine makumi. Wakati uzi wa Asha unasubiri, Juma naye anafungua ukurasa wake. Uzi wake unaingia kwenye objekti ileile, unatekeleza mstari wa kwanza, na `mteja` kinageuka kuwa Juma. Hifadhidata inamjibu Asha kwa miamala yake, sahihi kabisa. Uzi wake unafika mstari wa tatu, unauliza jina la `mteja`, unajibiwa Juma. Asha anaona miamala yake chini ya jina la Juma.

Hapo amepata nafuu. Juma angeingia mapema kidogo, kabla uzi wa Asha haujaanza mstari wa pili, Asha angepewa jina la Juma na miamala yote ya Juma: amelipa nani, lini, kiasi gani. Wala isingeonekana kosa popote. Hakuna kinachoanguka, hakuna maandishi mekundu kwenye logi, jibu limetoka na namba 200 ya mafanikio. Wa kwanza kujua ni Asha.

Wengi, wakishagundua tatizo hili, hukimbilia kuweka `synchronized` kwenye methodi nzima. Ni kweli itaziba. Lakini sasa nyuzi 200 zinapanga foleni mbele ya hifadhidata moja baada ya nyingine, na siku ya mwisho wa mwezi, wateja wanapoingia kwa wingi, mfumo unakwama. Wengine huongeza `volatile`, ambayo haisaidii hapa hata kidogo: inahakikisha kila uzi unaona thamani ya mwisho iliyoandikwa, na thamani ya mwisho iliyoandikwa ndiyo hiyo ya Juma.

Tiba ni kuuhamisha mstari mmoja. Futa `private Mteja mteja;` pale juu, kisha ndani ya methodi andika `Mteja mteja = hifadhi.tafuta(namba);`. Kigeu cha ndani ya methodi kinakaa kwenye rafu (stack) ya uzi unaoitekeleza, na kila uzi una rafu yake. Uzi wa Juma hauna njia ya kukifikia kigeu cha Asha. Hakuna kufuli, hakuna foleni, na msimbo umekuwa mfupi zaidi.

Kuna tahadhari moja. Kilicho cha ndani ni kigeu. Objekti kinachoielekea inaweza bado kuwa ya pamoja. Ukiandika `List<String> orodha = this.orodhaKuu;` ndani ya methodi kisha ukaongeza kitu kwenye `orodha`, umeongeza kwenye orodha ya watu wote.

Pale ambapo lugha yenyewe inakusukuma vibaya

Katika Java angalau unaiona tofauti kwa macho: kigeu kimetangazwa nje ya methodi au ndani yake. Kuna lugha ambazo kusahau neno moja kunahamisha kigeu kutoka mawanda finyu hadi mapana bila wewe kujua.

ColdFusion ni mfano mkali kuliko yote ninayoijua. Kigeu unachokitumia ndani ya funksheni ya komponenti bila kukitangaza kwa `var` au kukiwekea `local` mbele yake kinaangukia kwenye mawanda ya `variables`, yaani kinakuwa cha komponenti nzima. Komponenti hiyo ikiwa inaundwa upya kwa kila ombi, hutaona madhara. Siku utakapoihifadhi kwenye mawanda ya `application` ili kuokoa muda wa kuiunda, vigeu vyote ulivyosahau kuvitangaza vinakuwa vya wateja wote. Na vinavyosahaulika ni vilevile siku zote: kihesabu `i` cha kitanzi, jina la matokeo ya ulizo la hifadhidata, kigeu cha muda kilichoongezwa haraka wakati wa kurekebisha jambo jingine. Hebu fikiria kihesabu cha kitanzi kinachosogezwa na nyuzi mbili: huyu anaruka safu, yule anarudia safu. Toleo la 9 la mwaka 2009 lilileta mawanda ya `local` yanayotajwa wazi na likaruhusu `var` popote ndani ya funksheni, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuacha. Kama unautunza mfumo wa namna hiyo, pitia kila funksheni ya kila komponenti iliyohifadhiwa kwenye `application` kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote.

JavaScript ilikuwa na ugonjwa huohuo: kigeu kisichotangazwa kinazaliwa kikiwa cha dunia nzima. Hali kali, `"use strict"`, iliyokuja mwaka 2009, inaligeuza kosa hilo kuwa hitilafu inayoonekana, na moduli za siku hizi ziko kwenye hali hiyo zenyewe. Lakini Node ina mtego mwingine ambao `"use strict"` haiugusi. Utasikia watu wakisema Node ina uzi mmoja, kwa hiyo haina habari za usalama wa nyuzi. Usiliamini neno hilo. Kila unapoandika `await`, unaachia nafasi, na ombi jingine linaingia hapohapo. Ukitangaza `let mtumiaji` juu ya moduli, ukakijaza mwanzoni mwa ombi, ukasubiri hifadhidata kwa `await`, kisha ukakisoma, hadithi ya Asha na Juma inajirudia neno kwa neno. Pitisha mtumiaji kama hoja ya funksheni, au tumia `AsyncLocalStorage`.

Na madhara ya maombi kuchanganyika hivi yapo kwenye mifumo mikubwa vilevile. Tarehe 20 Machi 2023 OpenAI ilizima ChatGPT kwa muda baada ya watu kuona vichwa vya mazungumzo ya wengine. Chanzo kilikuwa kwenye maktaba ya redis-py, upande wake wa `asyncio`: ombi likikatishwa baada ya kutumwa kwenye muunganisho lakini kabla jibu halijasomwa, jibu lile lilibaki kwenye muunganisho, na ombi lililofuata, la mtu mwingine, likalisoma kama lake. Baadhi ya taarifa za malipo za asilimia 1.2 ya waliokuwa wakilipia huduma hiyo na kuitumia katika kipindi fulani cha saa tisa huenda zilionekana na wengine. Kilichokuwa cha pamoja pale ni muunganisho, nao ulirudishwa kwenye kundi la miunganisho ukiwa bado na mabaki ya mtu.

Python ina mitego yake miwili. Thamani ya awali ya hoja, kama `def ongeza(kitu, orodha=[])`, inaundwa mara moja tu funksheni inapotangazwa, kwa hiyo orodha hiyo inadumu kutoka mwito hadi mwito. Na kigeu kilichoandikwa moja kwa moja chini ya jina la klasi ni cha klasi, si cha nakala. Django inakusaidia kiasi kwa kuunda nakala mpya ya mwonekano wa klasi kwa kila ombi, lakini orodha uliyoiweka kwenye klasi yenyewe itabaki ileile kwa wote.

Kama kazi hii ulijifunzia kwenye PHP, kama wengi wetu, una jambo la kujifunza upya. PHP ya kawaida huanza kila ombi ikiwa tupu na kutupa kila kitu ombi linapokwisha. Unaweza kuandika `static` na objekti za pekee kwa miaka bila kudhurika. Kisha mtu anakushauri utumie Laravel Octane, iliyotoka mwaka 2021, ili tovuti iwe na kasi. Octane inaiweka programu kwenye kumbukumbu na kuitumia ileile kwa ombi baada ya ombi. Ghafla objekti ya pekee uliyoisajili inaweza kukumbuka ombi lililopita. Hapa si lazima hata nyuzi mbili zigongane: mtu wa pili anakuta mabaki ya wa kwanza. Kabla ya kuwasha Octane, orodhesha kila `singleton` kwenye programu yako na ujiulize kama kuna yoyote inayomshika mtumiaji, ombi, lugha au sarafu ya mtu.

Sesheni, na mtu mwenye madirisha mawili

Kati ya mawanda manne niliyoyataja, sesheni ndiyo inayodharauliwa. Watu hudhani kwamba kwa kuwa ni ya mtumiaji mmoja, basi haina ushirika. Mtumiaji mmoja anafungua madirisha mawili, au anabofya kitufe cha "Lipa" mara mbili kwa sababu mtandao ni wa polepole, na maombi mawili ya mtu huyohuyo yanaingia kwa nyuzi mbili kwenye sesheni moja. Kikapu cha ununuzi kilichowekwa kwenye sesheni kinaweza kuhesabiwa mara mbili. Weka kwenye sesheni vitu vichache na visivyobadilika: namba ya mtumiaji, lugha yake. Hali ya muamala unaoendelea iweke kwenye hifadhidata.

Kwa Spring, ukihitaji kijenzi cha ombi moja, kuna `@RequestScope`, na kiunzi kitahakikisha kila ombi linapata chake hata kama kijenzi hicho kimepachikwa ndani ya huduma ya pekee. Usidanganyike na mawanda ya `prototype`: ukipachika kijenzi cha `prototype` ndani ya huduma ya pekee kwa njia ya kawaida, kinaundwa mara moja huduma inapoundwa, na kuanzia hapo ni cha wote.

Vya pamoja kwelikweli

Vipo vitu ambavyo ni lazima viwe vya pamoja: mipangilio ya programu, kundi la miunganisho, vihesabu, akiba ya majibu. Hapa ndipo usalama wa nyuzi unapoanza kuwa kazi yako.

Anza na swali kama kitu hicho kinahitaji kubadilika. Kisichobadilika hakimdhuru mtu. Katika Java, weka `final` kwenye kila kigeu cha klasi, na kila mahali kompyuta itakapokukatalia, simama ujiulize kwa nini. Zoezi hilo peke yake litakufichulia zaidi kuliko zana nyingi. Lakini `final` inafunga kigeu, haifungi objekti. `private static final SimpleDateFormat` imewaumiza watu wengi kwa miaka mingi: inaonekana haibadiliki, kumbe ndani yake kuna kalenda inayoandikwa upya kila unapofomati tarehe. Nyuzi mbili zikiitumia pamoja, utapata tarehe isiyokuwepo kwenye ombi lolote. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 kuna `DateTimeFormatter`, ambayo haibadiliki, na hiyo unaweza kuishirikisha kwa amani.

Kihesabu kama `idadi++` kina hatua tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Nyuzi mbili zikisoma 41 kwa pamoja, zote zitaandika 42, na ombi moja limepotea kwenye hesabu. Tumia `AtomicLong`, au `LongAdder` kama kinaongezwa mara nyingi sana. Kwa ramani tumia `ConcurrentHashMap`, lakini elewa inalinda nini. Kila tendo lake moja ni salama; matendo mawili yakifuatana si salama. Ukiuliza kwa `containsKey` kisha ukaweka kwa `put`, kati ya hayo mawili uzi mwingine umeshapita. Tumia `computeIfAbsent` au `putIfAbsent`, ambayo ni tendo moja.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni tokeni ya huduma ya malipo ya simu. Huduma nyingi za namna hii hukupa tokeni ya muda, tuseme ya saa moja, na huna haja ya kuomba mpya kwa kila malipo. Kwa hiyo unaihifadhi kwenye kijenzi cha pamoja. Kosa la kawaida ni kuwa na vigeu viwili, `tokeni` na `mwishoWake`, vinavyoandikwa kimoja baada ya kingine. Uzi mmoja ukiwa umeandika muda mpya lakini haujaandika tokeni mpya, uzi wa pili unasoma muda mpya, unaridhika, na unatuma tokeni iliyokufa. Malipo yanakataliwa, na ukijaribu tena sekunde moja baadaye yanakubaliwa. Utahangaika siku nzima ukilaumu mtandao. Viunganishe viwe objekti moja isiyobadilika, na uibadilishe yote kwa mkupuo:

```java
private final Object kufuli = new Object();
private volatile Tokeni ya_sasa;

String tokeniHai() {
    Tokeni t = ya_sasa;
    if (t != null && t.ikoHai()) return t.maandishi();
    synchronized (kufuli) {
        t = ya_sasa;
        if (t == null || !t.ikoHai()) {
            t = ombaMpya();
            ya_sasa = t;
        }
        return t.maandishi();
    }
}
```

Angalia mambo matatu. Kigeu cha pamoja kinasomwa mara moja na kuwekwa kwenye `t`, kigeu cha ndani, ili kisibadilike katikati ya swali na jibu. `volatile` ipo ili uzi utakaosoma nje ya kufuli uione objekti iliyokamilika. Kwa kanuni za kumbukumbu zilizowekwa na Java 5 mwaka 2004, bila hiyo, au bila `final` kwenye kila kigeu cha `Tokeni`, huna hakikisho. Na ndani ya kufuli swali linaulizwa tena, kwa sababu uzi uliokuwa ukisubiri mlangoni huenda umekuta mwenzake ameshaleta tokeni.

Kwa kawaida nakushauri usiite huduma ya mbali ukiwa umeshika kufuli. Hapa tumefanya hivyo kwa makusudi ili nyuzi 200 zisiombe tokeni 200 kwa pamoja, na kwa hiyo ni lazima `ombaMpya` iwe na kikomo kifupi cha kusubiri. Bila kikomo hicho, mtoa huduma akikwama nawe umekwama, programu nzima.

Kuhusu kufuli kwa jumla, sheria ni chache. Ukiacha usomaji wa `volatile` kama ule wa hapo juu, kitu kimoja kilindwe na kufuli lilelile kila mahali kinapoguswa, wakati wa kusoma na wa kuandika. Ukihitaji makufuli mawili, yachukuliwe kwa mpangilio uleule siku zote, la sivyo nyuzi mbili zitashikana milele.

Seva ya pili inapoongezwa

Kufuli la Java linaishi ndani ya mchakato mmoja. Siku utakapoongeza seva ya pili nyuma ya kigawa mzigo, `synchronized` ya seva hii haijui lolote kuhusu ile. Kwa fedha, usitegemee kumbukumbu ya programu kamwe. Taarifa ya malipo yaliyokamilika inaweza kuletwa mara mbili, na ya pili ikaangukia seva nyingine wakati ya kwanza bado inashughulikiwa. Ukitafuta kwanza kama muamala upo ndipo uuandike, zote mbili zitaambiwa haupo. Weka sharti la upekee kwenye safu ya namba ya muamala, andika moja kwa moja, na uache hifadhidata iikatae ya pili. Kadhalika, usisome salio, ukalipunguza kwenye Java, kisha ukalirudisha. Andika `UPDATE akaunti SET salio = salio - 500 WHERE id = 7 AND salio >= 500`, kisha uangalie imebadilisha safu ngapi. Zikiwa sifuri, fedha haikutosha.

Kigeu kinachofuata uzi

`ThreadLocal` inaupa kila uzi nakala yake ya kigeu, na watu huitumia kubebea mtumiaji wa ombi ili wasimpitishe kwenye kila methodi. Ni zana halali, lakini nyuzi za seva hazifi ombi likiisha. Zinarudi kundini na kupewa ombi la mtu mwingine. Usipoita `remove()` ndani ya `finally`, mtu anayefuata kwenye uzi huo anamkuta aliyetangulia. Spring Security inamhifadhi mtumiaji kwa njia hiyohiyo na kumwondoa yenyewe mwisho wa ombi, lakini kazi uliyoipeleka pembeni kwa `@Async` iko kwenye uzi mwingine, na kwa kawaida haimwoni mtumiaji huyo. Mpitishe kama hoja. Nyuzi pepe (virtual threads) zilizokamilika kwenye Java 21 mwaka 2023 hazikuondolei wajibu wa kulinda vya pamoja: vigeu vya pamoja ni vilevile, na nyuzi zinazovigusa sasa zinaweza kuwa maelfu.

Kuitafuta kasoro kabla mteja hajaiona

Kwenye kompyuta yako uko peke yako, kwa hiyo hutaiona. Andika jaribio lenye watumiaji wengi, kila mmoja na jina na namba yake, wote wakigonga ukurasa mmoja kwa mfululizo kwa zana kama JMeter au k6, na jaribio likague kwamba kila jibu lina namba ya aliyeomba. Wengi hupima kasi tu na kuhesabu majibu ya 200. Kumbuka Asha alijibiwa 200. Ukishuku mistari miwili, weka usingizi wa nusu sekunde kati yake kwa muda, na uendeshe tena. Kasoro iliyokuwa ikitokea mara moja kwa wiki itatokea kila mara. Ukiandika kwa Go, una bahati: `go test -race` itakuonyesha mistari yenyewe inayogongana.

Na ikishatokea kwa wateja halisi, usianze kwa kuiwasha seva upya na kutumaini. Funga ukurasa unaohusika, batilisha sesheni zote kama GitHub walivyofanya, safisha akiba za majibu mahali pote zilipo. Hifadhi logi kabla hazijafutwa. Kama kila mstari wa logi una namba ya ombi na namba ya mtumiaji, utaweza kujua nani aliona taarifa za nani; kama hauna, ziongeze leo, kabla hujazihitaji. Kwa mujibu wa sheria, huu ni uvujaji wa taarifa binafsi hata kama chanzo chake ni mstari mmoja uliokaa nje ya methodi: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale ambapo kuna hatari halisi ya madhara kwa mhusika, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwite mwanasheria wa kampuni siku hiyohiyo. Kisha waandikie walioguswa, kwa lugha wanayoielewa, uwataje ni taarifa zipi zao zilizoonekana na kati ya saa ngapi na saa ngapi.